Risala ya Walimu na Wanafunzi wa Kemia, Kapsoit

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu, waheshimiwa wanachama wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, na wazazi wetu wapendwa:

Kwa heshima na taadhima, sisi walimu na wanafunzi wa kemia tunaleta mbele yenu shida zetu katika somo la uchunguzi wa protini.

1. Kipimo cha biureti hakihitaji makubwa: haidroksidi ya sodiamu na salfeti ya shaba. Ukivitia katika maziwa au ute wa yai, rangi ya zambarau hutokea, kwa kuwa shaba imeshikana na vifungo vya peptidi. Maziwa na mayai tunaleta kutoka nyumbani. Kemikali ndizo haba, hivyo mwalimu hufanya jaribio moja mbele ya darasa zima, na walioketi nyuma huandika “zambarau” daftarini bila kuiona. Tumevumilia hali hii miaka mingi. Tunaomba kemikali na testitubu za kulitosha kila kundi la wanafunzi wanne.

2. Biureti kwa macho huonyesha kwamba protini ipo, lakini kiasi chake hutafutwa kwa njia ya Johan Kjeldahl wa Copenhagen, ya mwaka 1883: chakula huchemshwa katika asidi kali ya salfuriki, naitrojeni yake hutolewa ikiwa amonia na kupimwa, kisha huzidishwa kwa 6.25. Maabara yetu haina kabati ya kutolea mvuke, na hatuwezi kuhatarisha macho ya watoto. Vifaa hivyo hatuviombi. Tunaomba idhini na basi, mara moja kwa mwaka, tukaombe kuonyeshwa kazi hiyo Chuo Kikuu cha Kabianga.

3. Hili ndilo linalotuuma zaidi. Watoto hawa wamezaliwa katikati ya michai. Kiwandani, jani likishasagwa, ni kimeng’enya, yaani protini, kinachosaidiana na hewa kuligeuza kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Ndani ya jani hilo hilo mna theanini, asidi amino ambayo ni nadra kupatikana katika mimea mingine. Kituo cha utafiti wa chai kiko Timbilil, hapa hapa Kericho. Hata hivyo mwanafunzi ambaye mama yake huchuma chai kila siku anamaliza shule akijua protini ya kitabuni tu. Tunaomba karatasi za kromatografia na ninihidrini, tutenganishe asidi amino za majani yetu wenyewe, na mtaalamu mmoja wa Timbilil aalikwe kuzungumza nasi.

4. Hatuna fundi wa maabara. Mwalimu hupima kemikali, huosha vyombo na kufundisha, yote peke yake. Tunaomba fundi aajiriwe.

Waheshimiwa, tunaamini haya yako ndani ya uwezo wenu. Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya muhula ujao kuanza, ili ombi la kwanza liingie katika bajeti ya mwaka huu.

Ni sisi watiifu wenu,
Walimu na wanafunzi wa kemia, Kapsoit.