Sultani wa Picha Si Sultani wa Historia

Sisi watu wa pwani tumekulia katika picha za Kihindi. Wangapi miongoni mwetu hawajui kusema Kihindi, lakini wataimba wimbo mzima wa sinema bila ya kukosea? Hata marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, nyimbo zake nyingi alizitia katika mahadhi ya picha hizo, nasi tukazipokea kama zetu.

Kwa hivyo jioni ile mjukuu wangu alipoitia "Padmaavat", picha ya Sanjay Leela Bhansali iliyotoka mwaka 2018, nilikaa vizuri kitini, kikombe cha kahawa mkononi, nikingojea starehe. Starehe yenyewe sikuiona.

Picha hiyo yasimulia jinsi Sultani Alauddin Khalji wa Delhi alivyoushambulia mji wa Chittor kwa kumtamani malkia aliyekuwa mke wa mtu. Watu wa Chittor wamepambwa kwa dhahabu, majumba yao yana nuru, maneno yao ni ya heshima. Sultani, aliyechezwa na Ranveer Singh, ana nywele timutimu na wanja mzito, amejifunika manyoya, ararua nyama kwa meno kama fisi, na kasri yake ni kiza. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, akanigeukia: "Babu, huyu si Mwislamu? Mbona yuko hivi?"

Kahawa ilinikwama kooni.

Sisemi kwamba Alauddin alikuwa malaika. Ufalme aliupata mwaka 1296 kwa kumwua ami yake, aliyekuwa pia mkwewe. Chittor aliiteka kweli, mwaka 1303. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyewarudisha nyuma Wamongoli mara kadha walipoivamia India, na ndiye aliyeweka bei maalumu za nafaka katika masoko ya Delhi, wachuuzi wasipandishe wapendavyo. Habari za bei hizo hazimo katika picha. Amir Khusrau, mshairi wa zama zake, aliandika habari za kutekwa kwa Chittor, na malkia huyo hakumtaja. Kisa chake kilienea kwa utenzi wa Malik Muhammad Jayasi, uliotungwa mwaka 1540, miaka zaidi ya mia mbili baadaye. Na Jayasi, ajabu ya Mungu, alikuwa Mwislamu, tena Sufi!

Huko India kwenyewe waliofanya fujo ni wale waliodai kwamba malkia ndiye aliyetukanwa, nao walianza kabla picha haijaonyeshwa. Malaysia iliikataza kwa jinsi alivyochorwa sultani. Picha moja, na kila upande wajiona ndio ulioonewa.

Nililala na hasira zangu. Siku ya pili nikamwekea mjukuu wangu picha ya ujana wetu, "Mughal-e-Azam" ya K. Asif, ya mwaka 1960. Humo wafalme wa Kiislamu wana haiba na adabu. Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, ni mwana wa mfalme, na Madhubala ni Anarkali, mjakazi anayependwa naye. Nikamwambia, "Tazama, hawa ndio watu wetu."

Akaniuliza: "Na hii, Babu, ni kweli?"

Hapo nikashikika. Kisa cha Anarkali nacho hakina ushahidi wa kutegemewa. Miaka yote hiyo sikuuliza, kwa sababu uzushi ule ulitupamba.

Bhansali nina lawama naye, na siiondoi. Mwovu aonyeshwe uovu wake kwa matendo yake, si kwa wanja wake na sahani yake ya nyama, vitu ambavyo jirani yangu mwema anavyo pia. Lakini lawama ya pili ni yetu sisi wazee. Tumewaacha watoto wajifunze habari za waliotangulia kwa watu wanaouza tikiti. Akudanganyaye kwa kukusifu na akudanganyaye kwa kukutukana, wote wawili wamekudanganya.

Sasa nyumbani kwetu kuna desturi mpya. Picha ikianza, kabla ya wimbo wa kwanza, mjukuu wangu huniuliza: "Babu, hii kaitunga nani?" Na nisipojua, twatafuta pamoja.