Mwimbaji Hulelewa Nyumbani

Muhula uliopita, katika tamasha letu la Jumamosi usiku, mwenzetu mmoja alipanda jukwaani na adungu aliyofundishwa na babu yake. Hata wimbo haujafika katikati, ukumbi mzima ulijaa vicheko. Akafuata mwingine mwenye gitaa na kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani, akaimba nyimbo za Jim Reeves, naye akashangiliwa mno. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na miongoni mwa walioshangilia. Leo naandika kwa kuwa naona haya.

Sisemi kwamba muziki wa kantri ni mbaya. La hasha! Wazee wetu wengi waliupenda redioni, nami naupenda. Nisemalo ni kwamba twawaiga waimbaji hao bila kuuliza walilelewaje.

Mtazameni Jimmie Rodgers, aitwaye baba wa muziki huo. Alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa reli. Kijana huyo aliwachotea maji wafanyakazi, wengi wao watu weusi, akasikiliza nyimbo walizoimba huku wakitengeneza njia ya gari moshi. Reli ndiyo iliyokuwa shule yake ya muziki, na walimu wake walikuwa maskini wasiohesabiwa kuwa kitu. Alipoanza kuimba katika santuri mwaka 1927, alitoa yale aliyoyasikia ujanani. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35 tu.

Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis, upande wa Kericho nchini Kenya. Je, nao walivaa kofia pana? Hapana. Jina lake liligeuka midomoni mwao likawa "Chemirocha", wakamdhania kuwa nusu mtu nusu paa, na wasichana wakamwimba kwa lugha yao wenyewe, wakifuatwa na kinanda chao cha nyuzi. Hugh Tracey aliunasa wimbo huo mwaka 1950, na mpaka leo watu wa nchi za mbali huusikiliza. Walimpokea mgeni, lakini walimwandalia chakula cha nyumbani.

Hapa kwetu Uganda tulikuwa na Geoffrey Oryema, aliyezaliwa Soroti mwaka 1953. Baba yake alikuwa mkuu wa polisi, baadaye waziri. Hata hivyo cheo hakikumzuia kupiga nanga na kumfundisha mwanawe. Baba huyo aliuawa mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, na Geoffrey akatoroka kwenda Kenya amefichwa ndani ya buti la gari, kisha akafika Ufaransa. Mtu anayetoroka hivyo hachukui mali. Lakini alichofundishwa na baba yake hakuna askari wa mpakani aliyeweza kumnyang'anya. Gitaa alilipiga pia, na mwaka 1990 alipotoa santuri yake Exile, Wazungu walimsikiliza akiimba Kiacholi. Alifariki mwaka 2018.

Watakuwapo watakaosema kwamba adungu haiulizwi katika mitihani, wala haimpatii mtu kazi mjini Kampala. Huenda ni kweli. Lakini gitaa litauzwa dukani kesho na kesho kutwa; babu hauzwi dukani. Akiondoka, ameondoka na nyimbo zake, na waliomcheka mjukuu wake watakuwa wamesaidia kuzizika.

Wanafunzi wenzangu, likizo inakaribia. Kila mmoja na amwombe mzee wa kwao wimbo mmoja, auandike na kujifunza kuuimba. Apendaye gitaa na alichukue gitaa lake, aupige wimbo huo huo. Na yule mwenzetu tumwombe radhi, apande tena jukwaani muhula ujao. Safari hii mimi nitaketi mstari wa mbele, na atakayecheka atanikuta.