Watazamaji Hawakuuza Uhuru Wao

Wako wasemao, na neno lao lina umri wa karne nyingi, kuwa raia wa Roma waliuza uhuru wao kwa mkate wa bure na mashindano ya magari ya farasi. Neno hili limekaririwa hata likafanana na kweli. Mimi nalikataa.

Kuuza ni kwa hiari. Mwaka 14 baada ya Kristo, Tiberius alipoanza kutawala, uchaguzi wa wakuu wa serikali uliondolewa mikononi mwa raia ukatiwa mikononi mwa Seneti. Hapakuwa na biashara hapo, palikuwa na unyang'anyi. Na aliyenyang'anywa haitwi muuzaji.

Raia huyo alibakiwa na mahali gani pa kusema? Alibakiwa na Circus Maximus, uwanja wenye urefu wa mita 600 hivi, ulioenea watu zaidi ya laki moja. Humo magari yalizunguka mara saba, na vyama vya rangi nne, nyekundu, nyeupe, buluu na kijani, vilishangiliwa hata sauti zikakauka. Lakini humo pia mtawala aliketi akaonekana, na sauti ya mnyonge, isiyofika ikuluni, iliungana na sauti za maelfu ikasikika.

Caligula aliombwa na umma michezoni apunguze kodi. Jibu lake likawa kuwakamata na kuwaua waliopaza sauti. Mwaka 190, nafaka ilipoadimika, umati ulitoka uwanjani ukamwendea Commodus, naye kwa hofu akaamuru Cleander, mtumishi wake mwenye nguvu, auawe. Mwaka 532, katika Constantinople, Istanbul ya leo, chama cha Buluu na chama cha Kijani, mahasimu wa siku zote, viliungana kumkabili Justinian. Askari wake waliuzingira umati uwanjani, na yasemekana watu 30,000 waliuawa. Je, hao ndio waliolazwa usingizi na michezo? Aliyelala hauawi kwa kelele zake.

Sikatai kuwa ushabiki ulikuwa na upofu wake. Watu walipigana kwa ajili ya rangi ya nguo, na wengi wa waendeshaji walikuwa watumwa, walioweka roho zao rehani kwa furaha ya wengine. Hilo ni doa lisilofutika. Hata hivyo, kupenda mchezo ni jambo moja, na kuuza uhuru ni jambo jingine.

Mtu afungaye milango yote akaacha mmoja hana haki ya kuwacheka wapitao katika mlango huo. Lawama na imrudie aliyefunga.