Kabla ya kwenda 'kuhesabiwa' Moshi, uliza presha ya mama

Msomaji wangu, Desemba ikikaribia Kariakoo hubadilika sura. Mitaa ya Kongo, Sikukuu na Narung'ombe hufurika wanunuzi wa sikukuu, lakini ikifika tarehe 22 au 23 utakuta baadhi ya maduka yamefungwa kufuli na jirani anakwambia, "Mangi kaenda kuhesabiwa." Utani huo tumeuzoea. Mabasi ya Moshi na Rombo hayana nafasi, magari madogo yanapandisha watoto na madumu ya mafuta ya kula, na vijiji vya mlimani vilivyokuwa kimya mwaka mzima vinapata kelele kwa wiki mbili.

Kinachonishughulisha mimi kama daktari ni ile miezi kumi na moja na nusu inayobaki.

Wengi wenu mnaokuja kutibiwa kutoka Kariakoo na Gerezani mna mzazi Machame, Kibosho, Marangu au Rombo. Mmemjengea nyumba ya bati la rangi, mmemwekea geti na maji ya bomba. Ndani ya nyumba hiyo anaishi bibi wa miaka 78 na mjukuu mmoja au binti wa kazi. Kihamba kiligawanywa kwa vizazi vingi mpaka kikawa hakitoshi kulisha kaya, kahawa nayo ilipoteza thamani, na vijana wakashuka kwenda Moshi mjini, Arusha na huku kwetu. Mlima ukabaki na wazee. Migomba ipo na ng'ombe yupo zizini, ila mikono ya kukata majani ni ile ile iliyokuwa ikiyakata miaka ya sabini.

Hili si jambo la hisia tu, limepimwa. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia watu wa sehemu mbili, Wilaya ya Hai mlimani na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, wakihesabu kila aliyepatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Ukichukua hesabu kama ilivyo, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 94.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 107.9. Unaweza kusema wamelingana. Lakini Hai ina wazee wengi na Dar imejaa vijana, na kiharusi hupenda wazee. Watafiti waliporekebisha hesabu ili umri ulingane, Hai ilibaki 108.6 na Dar ikaruka hadi 315.9. Karibu mara tatu.

Soma tena hapo, hasa wewe uliyeshika simu ukimuulizia baba. Mzee wa mlimani yuko hatarini kwa sababu ya umri wake. Wewe wa Kariakoo, ukifika umri wake ukiwa bado unaishi hivi unavyoishi, hatari yako inaweza kuwa kubwa kuliko yake. Yeye alipanda na kushuka makorongo maisha yake yote. Wewe unakaa kwenye stuli kuanzia asubuhi, chakula chako ni chipsi na soda, na tangu biashara ya saa 24 izinduliwe Kariakoo mwaka 2025 wapo wanaolala saa nne kwa siku na kujisifia.

Chanzo kikubwa cha kiharusi ni presha. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala, hapa hapa jirani, na kijiji cha Shari huko Hai. Presha ilikuwa karibu sawa sehemu zote mbili, takriban watu wazima watatu kati ya kumi. Kilichonitisha si hicho. Katika waliokuwa na presha, chini ya asilimia 20 walijua kuwa wanayo, karibu asilimia 10 walikuwa kwenye dawa, na waliokuwa wamedhibitiwa vizuri hawakufika asilimia moja. Ni takwimu za zamani, nakubali. Ila wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa huko Hai miaka kama kumi baadaye, saba kati ya kumi walikuwa na presha. Presha haiumi wala haina homa, na mzee asiyeumwa hashuki mlima kwenda kupimwa.

Mama mmoja mwenye duka la vyombo alinijia mapema mwaka huu akiwa amechoka kwa kulia. "Dokta, baba alikuwa mzima kabisa Krismasi, tumecheza naye, tumepiga picha. Februari kapooza upande mzima. Huyu hajarogwa kweli?" Nikamuuliza presha ya mzee ilikuwa ngapi Krismasi hiyo. Watoto sita walikuwa nyumbani, magari manne uani, na hakuna aliyempima.

Nitawapeleka mbali kidogo. Japani nayo ina miji na vijiji vidogo vya milimani ambavyo vijana walivihama kwenda Tokyo. Mkoa mmoja wa namna hiyo, Nagano, uliwahi kusumbuliwa sana na kiharusi, na chumvi ilitajwa kuwa chanzo kimojawapo: mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi ili zidumu wakati wa baridi, na supu za chumvi kila mlo. Daktari Wakatsuki Toshikazu alihamia hospitali ya Saku mwaka 1945, na badala ya kungoja wagonjwa waje, aliwafuata vijijini. Yeye na wauguzi walicheza maigizo ya afya mbele ya wakulima. Mwaka 1959 katika kijiji cha Yachiho wakaanza kupima afya ya wanakijiji wote kila mwaka, kila mtu na daftari lake, wakisaidiwa na wanakijiji waliofundishwa kazi hiyo. Kufikia mwaka 2010 Nagano ilikuwa mkoa wa kwanza Japani kwa umri wa kuishi, wanaume na wanawake. Sababu zilikuwa nyingi, na kupima na kupunguza chumvi ni sehemu tu. Lakini angalia vifaa vyake: daftari, mashine ya presha na jirani anayebisha hodi.

Sisi tuna mpango unaofanana na huo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafikisha 137,294 nchi nzima. Ukifika kijijini uliza kama mtaa wenu una mhudumu huyo, umjue kwa jina, na umwombe ampitie mama.

Upande wa malipo bado kuna utata. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha la wazee lipo katika vituo vingi. Shida huja pale dirishani wanaposema dawa imeisha, nenda kanunue. Mtumishi mwenye bima kazini anaweza kumwandikisha mzazi wake, lakini mfanyabiashara wa Kariakoo asiye na mwajiri hana mlango huo mwepesi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imekusudiwa kumfikia yeye na mzazi wake. Kwa maoni yangu mzee wa kijijini ndiye kipimo chake halisi. Kijiji kingine cha milimani Japani, Sawauchi, hakikungoja taifa: mwaka 1960 kiliwafutia malipo wazee wake wa miaka 65 na zaidi, na mwaka uliofuata kikaongeza watoto wachanga. Serikali yao kuu ilifanya hivyo kwa wazee mwaka 1973. Koo zetu ambazo huchangishana mamilioni kwa msiba zinaweza kuchangishana dawa za presha za mwaka mzima, na dawa hizo ni rahisi kuliko turubai na viti.

Sasa mzigo unaoupeleka. Kabla ya mchele na mafuta, nunua mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono. Mpime mama akiwa amekaa, ameegemea, amepumzika dakika tano, mara mbili, na urudie siku nyingine mbili. Ikiwa inarudi 140 kwa 90 au zaidi, mpeleke hospitali mkiwa bado wengi na gari lipo. Ikifika 180 kwa 110, usingoje siku nyingine. Usimpe vidonge vyako wewe "aanze navyo". Akishaandikiwa dawa, presha ikishuka ni kwa sababu anameza dawa, kwa hiyo haachi.

Na tafadhali acheni kuwapelekea wazee dawa za maungo. Maboksi ya diklofenaki hununuliwa huku kama pipi, mzee anameza kila siku kwa ajili ya magoti, na dawa hizo hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo. Magoti yana tiba nyingine, mwulizeni daktari.

Jikoni, chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ile ya kwenye mchuzi na ya mezani. Magadi yanayowekwa kwenye kiburu na maharage nayo ni sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Sisemi mzee aache kiburu, nani atamsikiliza daktari wa namna hiyo! Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Mfundishe yule mjukuu au binti wa kazi dalili tatu, kwa sababu ndiye atakayekuwepo: uso kuvutwa upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla, maneno kuvurugika. Akiona hata moja asimpe mzee maji wala dawa yoyote mdomoni, maana anaweza kupaliwa, na asingoje wewe upokee simu. Aite gari. Tatizo la mlimani ni hilo gari: saa nane usiku, mvua, barabara ya udongo mtelezo. Kaeni na jirani mwenye gari kabla hamjarudi mjini, mkubaliane atampeleka hospitali gani na mafuta yatalipwa na nani, kisha namba yake iandikwe kwa kalamu nene ukutani, karibu na mlango wa jikoni, mahali binti ataiona hata akiwa amechanganyikiwa.