Mfundishe mtoto kumpenda mbwa, na kusema aking'atwa

Mtoto wa Buigiri, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, anamjua mbwa tangu angali mdogo. Anamwona akifuata mbuzi malishoni, akilala kivulini au akizurura karibu na bucha. Asilolijua pengine ni kwamba zipo nchi ambako mbwa huvuta mizigo na kushindana mbio juu ya theluji.

Kisa kimoja cha mbwa hao kinafaa kusimuliwa darasani na nyumbani, kwa sababu kinahusu afya ya watoto.

Januari 1925, watoto wa mji wa Nome, Alaska, nchini Marekani, walianza kufa kwa dondakoo, ugonjwa unaoziba njia ya hewa. Dawa ilikuwa mbali, bahari ilikuwa imeganda na ndege za wakati ule hazikuaminika kwenye baridi kali. Treni iliifikisha dawa Nenana. Kutoka hapo waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana kwa takriban kilomita 1,085, wakatumia siku tano na nusu. Dawa iliingia Nome Februari 2.

Mbwa Togo alikimbia sehemu ndefu na ya hatari kuliko wenzake, naye Balto akaongoza kundi lililoingia mjini. Tangu 1973, mashindano ya mbwa yaitwayo Iditarod hufanyika kila mwaka huko Alaska, na kwa kawaida humalizikia Nome.

Mtoto akiuliza mbwa walivuta nini, mwambie ni sleji: kama mkokoteni wa punda, ila badala ya magurudumu una mbao mbili ndefu zinazoteleza.

Michezo ya kujifunzia

Wa kwanza ni wa sauti. Mwendesha sleji hashiki hatamu, huwaongoza mbwa kwa maneno. Watoto sita washike kamba wawili wawili, wa saba akae nyuma na kuamuru: "kulia", "kushoto", "simama". Buigiri inafahamika kwa shule yake ya watoto wasioona, na katika mchezo huu mtoto asiyeona hakai pembeni. Anaweza kuamuru, au kushika kamba mbele kabisa.

Wa pili ni hesabu. Kilomita 1,085 wakigawana waendeshaji 20, kila mmoja anapata wastani wa kilomita 54. Ni safari ya kutoka Buigiri kwenda Dar es Salaam na kurudi, na bado hujaimaliza.

Wa tatu ni kupokezana chupa ya maji, iwe ndiyo dawa. Watoto wataona kwamba mmoja akizembea, wote wanachelewa. Hapo mzazi naye achukue kadi ya kliniki. Kinga ya dondakoo imo kwenye chanjo ya pentavalenti ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama kuna dozi iliyorukwa, aende kliniki akaulize.

Mchezo wa nne ndio muhimu zaidi

Mtoto mmoja aigize ameng'atwa na mbwa akitoka shule. Atamwambia nani? Wengi watajibu "mama", lakini yakitokea kweli wapo wanaoficha. Wanaogopa kuulizwa, "Ulimchokoza nini?" na kuchapwa juu yake. Jeraha likiwa dogo, hufunikwa na soksi na siku zinapita.

Kuficha huko kunaweza kuua. Virusi vya kichaa cha mbwa huwa kwenye mate, huingia kupitia jeraha na kusafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla ya hapo, chanjo itolewayo kwa wakati humwokoa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban watu 4 kati ya 10 wanaofariki kwa ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe majivu, pilipili wala mafuta. Siku hiyo hiyo apelekwe kituo cha afya, na kama chanjo haipo, mzazi aulize inapatikana wapi na aende. Dozi hutolewa kwa awamu, zote zimalizwe. Kumuua mbwa hakumtibu mtoto.

Watoto wafundishwe pia kutomsogelea mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto. Mbwa asiyemjua akimjia, mtoto asikimbie. Asimame wima, mikono chini, asimkazie macho. Naye mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa kila mwaka kwa ofisa mifugo.

Leo jioni, baada ya kumsimulia habari za Togo na Balto, muulize mwanao: "Mbwa akikukwaruza, utamwambia nani?" Kisha muahidi kwamba siku hiyo hatachapwa, hata kama yeye ndiye aliyeanza kumchokoza.