Tusinunue miwani ambayo ufunguo wake uko mkononi mwa mwingine

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii yawafaa sana wapenzi wa michezo ya tarakilishi, ambao siku hizi hushawishiwa kununua miwani ya uhalisia pepe kwa sababu tu ni mpya na kasha lake limejaa tarakimu kubwa kubwa. Maoni yangu ni kwamba mtu anayecheza akiwa ameketi, awe anaigiza urubani au udereva wa lori, hana budi kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni nani mwenye uwezo wa kukizima kifaa hiki baada ya mimi kukilipia?

Itakumbukwa yaliyoisibu miwani ya HP Reverb G2. Ilitoka mwishoni mwa mwaka wa 2020 kwa bei ya dola 599. Kila jicho lilitengewa skrini ya nukta 2,160 kwa 2,160, hivi kwamba mchezaji wa Microsoft Flight Simulator aliweza kusoma vipimo vya chumba cha rubani kwa urahisi kuliko katika miwani nyingi za wakati huo. Tena haikuhitaji mitambo ya kubandikwa ukutani. Wachezaji wa kuketi waliipenda, na walikuwa na haki ya kuipenda.

Lakini miwani hiyo ilitegemea mfumo wa Windows Mixed Reality, ambao ni mali ya Microsoft. Mnamo Desemba 2023, Microsoft ilitangaza kuwa mfumo huo ungeondolewa. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotolewa Oktoba 2024, halikuwa nao tena. Lenzi hazikuvunjika wala nyaya hazikukatika, lakini aliyekubali toleo hilo alijikuta amebaki na pambo la kabatini. Ni kweli kwamba mwaka 2025 mhandisi mmoja alitoa programu ya bure iliyoifufua miwani hiyo kwa wenye kadi za picha za Nvidia. Tumshukuru kwa wema wake. Hata hivyo, mali iliyonunuliwa kwa fedha taslimu haifai kuishi kwa hisani ya mtu mmoja.

Kisa hiki si cha pekee. Machi 2018, miwani ya Oculus Rift iligoma kufanya kazi kote duniani kwa sababu cheti cha kidijitali cha programu yake kilikuwa kimepitwa na muda. Kampuni ilirekebisha kosa hilo na kuwapa walioathirika fidia ya dola 15 za kununulia bidhaa dukani mwake. Quest 2 nayo ilipotoka mwaka 2020, mnunuzi alilazimika kuwa na akaunti ya Facebook ili aitumie, sharti ambalo halikuondolewa hadi Agosti 2022. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba miwani yoyote ya bei nafuu yatosha. Hoja yao ina uzito kiasi. Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024, bei yake ilianzia dola 299, na inaweza kutumika hata bila tarakilishi. Maadamu haimtegemei Microsoft, haikuguswa na mkasa nilioutaja. Lakini yafaa ieleweke kuwa picha inayoletwa kwake kutoka kwenye tarakilishi hubanwa kwanza ili ipite kwenye waya wa yu-es-bi au hewani, na katika kubanwa huko baadhi ya maelezo madogo hupotea. Anayecheza mpira wa meza huenda asione tofauti, ilhali anayesoma tarakimu ndogo za mita ya mwinuko ataiona. Miwani inayopokea picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi, kama vile Pimax Crystal Light ya mwaka 2024, haina kasoro hiyo, ingawa inadai tarakilishi yenye nguvu nyingi zaidi.

Aidha, mchezaji wa kuketi asilipie asichokihitaji. Hatembei chumbani, na mara nyingi mikono yake imeshika usukani au fimbo ya urubani. Vidhibiti vya mkononi vitalala mezani. Anachohitaji ni uwazi wa picha katikati na pembeni, pamoja na uzito anaoweza kuuvumilia kwa saa mbili. Quest 3 ina uzito wa gramu 515. Bigscreen Beyond ya mwaka 2023 ilikuwa na gramu 127 tu, lakini haifanyi kazi bila mitambo ya ukutani.

Fauka ya hayo, apime umbali kati ya mboni zake. Kwa watu wazima wengi umbali huo hukaribia milimita 63, lakini wako wenye 56 na wenye 72. Lenzi za Rift S ya mwaka 2019 hazikuweza kusogezwa kabisa. Mtu asiyelingana nazo hupata ukungu na maumivu ya kichwa, kisha huyalaumu macho yake bure. Vilevile, miwani ya picha 90 kwa sekunde huipa tarakilishi milisekunde 11 tu za kuchora kila picha. Kadi dhaifu ikishindwa, macho huona jambo moja na sikio la ndani huhisi jingine, na mchezaji hutapika. Mwenye fedha chache heri aanze na kadi.

Lakini hekima ya mnunuzi pekee haitoshi. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Je, kuna habari muhimu kuliko tarehe ambayo programu ya bidhaa hiyo itaachwa? Nchini Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inawalazimisha watengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti kutaja muda ambao watatoa marekebisho ya usalama. Bunge letu halina sababu ya kushindwa na jambo hilo. Mnunuzi wa maziwa huonyeshwa siku ambayo yataharibika. Iweje anayelipa makumi ya maelfu ya shilingi afichwe?

Hadi sheria hiyo itakapopatikana, kila mmoja amwulize muuzaji: kampuni ikiachana na kifaa hiki kesho, kitaendelea kufanya kazi? Muuzaji akibabaika, mnunuzi na arudishe mkoba wake mfukoni.