Baiskeli za Watalii Zisipite Shambani Kwako Bure

Leo sizungumzii mbolea wala viwavi. Nazungumzia baiskeli, na mkinivumilia mtaona ni habari za shamba zilezile.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja mkulima wa kahawa huko juu Kalinzi alinipigia simu, furaha tele. "Bwana shamba, leo nimepata wageni! Wazungu sita, wamekuja na baiskeli." Nikamuuliza wamefanya nini. Kawazungusha kwenye kahawa, kawaonyesha mashine ya kumenya na vichanja vya kuanikia, kawakatia ndizi mbivu, wamepiga picha mpaka wamechoka. Saa nzima na nusu. Wakati wa kuondoka aliyewaongoza kamwachia shilingi 5,000, "ya soda."

Nikakaa kimya kwenye simu. Siku ile alikuwa na vibarua wawili wa kuchuma, na muda wote huo walifanya kazi bila msimamizi. Nilipofika kwake wiki iliyofuata akanionyesha picha aliyopiga ya karatasi ya ratiba ya mgeni mmoja. Siku ya tatu ilikuwa imeandikwa wazi: kutembelea shamba la kahawa na kuongea na mkulima. Kumbe haikuwa bahati tu ya kusimama njiani. Wageni walishalipia shamba lake kabla hawajapanda ndege. Aliyekuwa hajui kuwa shamba limeuzwa ni mwenye shamba.

Msimamo wangu ni huu: safari ya baiskeli ya siku nyingi vijijini inauza mashamba, na mkulima kijana anayekaa kando ya njia hiyo lazima awe na bei yake mapema. Pia asiigeuze kuwa zao kuu. Hayo mawili yaende pamoja.

Tuanze na kwa nini mashamba. Mtalii wa Gombe anakwenda kwa boti kwa sababu barabara ya kuingia huko haipo. Anaona sokwe, anarudi, anaondoka. Sisi wa Mwanga, Ujiji, Mwandiga na vijiji vya milimani tunabaki kumwona akipita. Mtu wa baiskeli ni tofauti. Anakwenda polepole, anasikia njaa, anasikia kiu, jua linamchoma, na kila kilima kinamlazimisha kusimama. Anaposimama, mbele yake kuna nini? Michikichi, migomba, mihogo, maharage, kahawa. Huwezi kumtembeza mtu siku nne Kigoma kwa baiskeli bila kumtembeza kwenye kazi ya mkulima.

Wenzetu walishaona hili. Mto wa Mbu, kule Arusha, kwa miaka mingi magari ya watalii yalikuwa yanapita tu yakielekea Manyara na Ngorongoro. Miaka ya 1990 mpango wa utalii wa kitamaduni ukaanzishwa na Bodi ya Utalii ikisaidiwa na shirika la Kiholanzi la SNV, na vijiji kama Mto wa Mbu vikaingia. Leo mgeni anashuka kwenye gari, anapewa baiskeli, anapita kwenye migomba na majaruba ya mpunga, anaonja pombe ya ndizi, anakula chakula kilichopikwa na akina mama wa pale. Vijana wanaoongoza ni wenyeji. Ziara inakuwa na bei inayojulikana, na sehemu ya fedha imepangiwa maendeleo ya kijiji. Hawana simba pale kijijini. Wana ndizi na mpunga, kama sisi.

Twende mbali zaidi, Japani. Huko kuna safari za baiskeli za kuongozwa, siku tano, siku saba, watu wanapita vijijini huku gari likiwabebea mizigo. Njia moja maarufu, Shimanami Kaido, ina urefu wa kilomita 70 hivi, kutoka Onomichi mpaka Imabari, ikivuka visiwa kwa madaraja. Ilifunguliwa 1999. Waendesha baiskeli wanapita katikati ya mashamba ya malimau na machungwa, wanalala kwenye nyumba za wageni za familia, wanakula kilichopo msimu huo. Tena Wajapani wana vituo vya barabarani wanavyoviita michi-no-eki, vilivyoanza rasmi 1993 na sasa vimezidi 1,000 nchi nzima. Mkulima anapeleka mboga na matunda yake pale, mara nyingi jina lake likiwa kwenye pakiti, na msafiri ananunua.

Lakini kuna jambo Japani hawana. Wakulima wao wamezeeka, wastani wa umri umepita miaka 65, na vijijini nyumba zimebaki tupu kwa sababu vijana wamehamia mijini. Mgeni anaona shamba zuri, mwenyewe babu wa miaka 75. Sisi hapa mgeni akisimama anakutana na mkulima wa miaka 26 mwenye simu mkononi na hesabu za msimu kichwani. Hilo lina thamani. Msilitoe kwa bei ya soda.

Najua mtaniambia: bwana shamba, mgeni hatozwi. Ni kweli, nami nimelelewa hivyo. Akipita mtu ana kiu, mpe maji, usimdai. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyelipa kwa wakala kuja kukuona, halafu ukabaki na hasara ya vibarua, hapo mwenyeji kapona wapi? Anayefaidi ukarimu wako ni aliyeuza ratiba, maana mgeni yeye kalipa tayari. Na wageni wengi wangeudhika wakijua fedha haikukufikia.

Sasa njia yenyewe kwa upande wetu. Mimi naiona ya siku nne. Siku ya kwanza Kigoma mjini, Mwanga na Ujiji, penye makumbusho ya Livingstone pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, halafu jioni kwa wakamuaji wa mawese. Siku ya pili kutoka Mwandiga kupanda Kalinzi. Hapa msidanganye mtu kwamba ni matembezi: ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko kwenye kahawa ni mita 1,500 na ushee. Kijana aliyezoea kusukuma baiskeli yenye madumu ya mawese atacheka, mgeni wa miaka 60 hatacheka. Siku ya tatu ni ya kahawa, migomba na maharage. Siku ya nne ni kuteremka mpaka Kibirizi kuona dagaa wakipokelewa na kuanikwa, na hapohapo anayekwenda Gombe anapanda boti.

Ila angalieni kalenda ya mwezi. Wavuvi wetu wanavua kwa taa usiku wa giza. Ukimleta mgeni mwaloni wakati wa mbalamwezi atakuta mitumbwi imelala. Ndiyo maana nasema safari hii ikipangwa na mtu wa mbali asiyeuliza wenyeji, itaharibika. Wewe unayejua lini kahawa inachumwa, lini mawese yanakamuliwa na lini dagaa wapo, una kitu cha kuuza kabla hata hujafungua geti la shamba: ratiba iliyo sahihi.

Hesabu tuifanye. Bei hizi ni za mfano wangu wa karatasini, badilisheni kwa hali yenu. Wageni 6, ada ya kutembelea shamba 10,000 kila mmoja: 60,000. Chakula cha mchana 12,000 kila mmoja: 72,000. Jumla 132,000. Toa chakula na mkaa 36,000, mpishi na msaidizi 20,000, mfuko wa kijiji asilimia 10 ambayo ni 13,200. Unabaki na 62,800. Ukipata makundi mawili kwa mwezi, Juni hadi Septemba, ni makundi 8, kwa hiyo 502,400.

Ziangalieni vizuri hizo hela. Ni nzuri, zinaingia wakati ambao wengi wenu mfuko umekauka, na zinakusogeza kwenye mbolea ya msimu wa mvua bila kukopa kwa mtu wa ulanguzi. Lakini haziendeshi nyumba mwaka mzima. Ugonjwa ukizuka duniani kama 2020, wageni wanakata bila kukuuliza, na kahawa yako inabaki mtini ikihitaji kuchumwa. Ndiyo maana nasema uwachukulie watalii kama maharage kwenye michikichi michanga: unayapanda katikati, yanakulipa mapema, lakini hukati mchikichi ili upate nafasi ya maharage. Kijana akija kwangu kuniambia anataka mkopo ajenge vibanda vya kulaza wageni, namwambia kwanza pokea makundi matano kwa chakula cha mchana, halafu tuongee.

Yafuatayo ndiyo ningewashauri mfanye kabla ya kiangazi kingine.

Kwanza, msisimame mmoja mmoja. Wakulima wanne au watano wa njia moja wakikubaliana bei moja na zamu, wakala hana wa kumchezea. Ukibaki peke yako, ukisema 10,000 ataenda kwa jirani anayesema 2,000, na mwisho wote mtarudi kwenye soda. Andikeni bei kwenye karatasi, nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na ile asilimia ya mfuko wa kijiji na matumizi yake. Watu wakiona darasa limepata dirisha kwa fedha ya wageni, hakuna atakayewarushia maneno kwamba mnauza kijiji.

Pili, dai malipo yajulikane kabla ya ziara, kwa ujumbe wa simu unaobaki. "Wageni sita, tarehe fulani, kiasi fulani, chakula kimo." Maneno ya mdomo barabarani yaacheni. Na anayeuza safari nzima lazima awe na leseni ya biashara ya utalii. Wewe mkulima unauza chakula, muda na maelezo ya shamba lako. Usijifanye wakala, utaingia kwenye matatizo na mamlaka.

Tatu, na hapa ninaongea kama afisa ugani: linda shamba. Ukipuliza kiuatilifu, zingatia muda ulioandikwa kwenye kibandiko kabla mtu hajaingia, hata kama kundi limeshalipa. Badilisha njia au wapeleke shamba la mwenzako wa zamu. Kwenye migomba usimpe mgeni panga akate mkungu kwa ajili ya picha, kisha panga hilohilo likaingia shina jingine. Mnyauko wa bakteria unasambazwa na vifaa namna hiyo, kwa hiyo panga lisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu au lipitishwe motoni. Baiskeli ziachwe nje kwenye njia, na viatu vyenye tope vikung'utwe. Picha zote za dunia hazitakulipa migomba yako.

Nne, kuwa na kitu cha kuuza ambacho mtu wa baiskeli anaweza kubeba. Hawezi kubeba dumu la mawese wala mkungu. Anaweza kubeba robo kilo ya kahawa iliyokaangwa vizuri, asali kwenye chupa ndogo ya plastiki, kipande cha sabuni ya mawese. Andika jina la kijiji na mwezi wa kuvuna. Usiandike uongo, usiseme ni kahawa ya Kalinzi kama umeiokota sokoni.

Tano, ongea ukweli wa kazi yako. Mgeni hakuja kuona ngoma tu. Mwambie bei ya kahawa ikishuka unafanyaje. Mwonyeshe tofauti ya chikichi la zamani lenye kokwa nene na la tenera lenye nyama nyingi, mweleze kwa nini TARI Kihinga wanahangaika kuzalisha mbegu bora. Hayo unayajua kuliko mtu yeyote atakayekaa kwenye ile ratiba, na kwa kuyaeleza wewe mwenyewe unajifunza kulitazama shamba lako kama biashara.

Yule kijana wa Kalinzi nilirudi kwake mwezi uliopita. Yeye na majirani watatu wameshakaa, wamebishana bei jioni mbili nzima, wameafikiana. Aliyeleta wale sita wamempelekea ujumbe. Amejibu kwamba bei ni kubwa. Kijana akaniuliza, "Tushushe?" Nikamwambia kahawa yako ipo, kilima kipo, na hakuna njia ya kwenda Manyovu isiyopita kwenye mashamba ya watu. Subiri.

Hajashusha. Na kama hakuna kundi litakaloingia kwake mwaka huu, atakuwa amechuma kahawa yake mwenyewe akiwasimamia vibarua wake. Hiyo nayo ni siku nzuri ya kazi.

Kazi njema, tukutane shambani.